Tasnifu na Shamba: Utafiti wa Vyuo Vikuu Katika Nchi ya Gusii

Katika mji wa Kisii na viunga vyake zimo taasisi nne ambazo, kwa pamoja, zingetosha kuifanya nchi ya Gusii kuwa miongoni mwa sehemu za Kenya ambako elimu ya juu na kazi za kila siku za wananchi zimeshikana kwa karibu zaidi. Kuna Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa chuo cha walimu wa sekondari 1983, kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Egerton kuwa kampasi yake 1994, kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki 2007, na hatimaye kikapewa hati ya kujitegemea Februari 2013. Kuna kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, linalofahamika kwa kifupi kama KALRO. Kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambayo asili yake ni kituo cha kuwatibu askari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Na kuna Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisii, kilichojulikana zamani kama Taasisi ya Teknolojia ya Gusii. Taasisi hizo zimezungukwa na watu 1,266,860 wa Kaunti ya Kisii na wengine 605,576 wa Kaunti ya Nyamira, kwa hesabu ya sensa ya 2019, walio wengi wao wakulima wa chai, ndizi, mahindi na mboga katika mashamba ambayo hupungua ukubwa kila yanapogawanywa baina ya ndugu.

Ukaribu huo wa mahali, hata hivyo, haujazaa ukaribu wa kazi kwa kiwango ambacho mtu angetarajia. Kila mwaka wanafunzi wa shahada za juu hupita katika shule, zahanati, vijiji na viwanda vya chai vya kaunti hizi mbili wakikusanya majibu ya hojaji, na kila mwaka majibu hayo hugeuzwa kuwa vitabu vya jalada gumu vinavyopangwa maktabani, huku waliojibu maswali wakiendelea na shughuli zao bila kuambiwa kilichogunduliwa. Makala haya yanatetea rai kwamba chanzo cha hali hiyo si uvivu wa wanafunzi wala ukaidi wa wakulima, kama inavyodaiwa mara nyingi, na kwamba kinapaswa kutafutwa katika umbo lenyewe la shahada za juu, yaani nani anachagua swali, nani anasimamia kazi, nani anasoma matokeo, na ni kazi ya aina gani inayompandisha mhadhiri cheo. Mageuzi ya vyuo vikuu yakianzia mahali pengine popote yatabaki juu juu.

Shahada zinazohusika ni mbili. Uzamili ni shahada ya pili, anayoisomea mtu baada ya shahada ya kwanza, na uzamivu ndiyo shahada ya juu kabisa, ambayo mwenye kuipata huitwa daktari wa taaluma yake. Katika zote mbili, mwanafunzi kwa kawaida hukamilisha masomo yake kwa kuandika tasnifu, ambayo ni ripoti ndefu ya utafiti alioufanya mwenyewe chini ya wasimamizi, na ambayo huitetea mbele ya jopo la watahini kabla ya kuruhusiwa kuhitimu. Njia ya kufika huko ina vizingiti vingi: pendekezo la utafiti hupitishwa na idara, kisha na kitivo, kamati ya maadili hutoa kibali ikiwa binadamu watahusishwa, halafu Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, hutoa leseni. Mwenye leseni hutakiwa kujitambulisha kwa maofisa wa serikali katika kaunti anakokwenda, na akishamaliza hutakiwa kuipelekea Tume nakala ya ripoti yake. Ndivyo ilivyo kwamba ripoti husafiri kuelekea Nairobi na kuelekea maktaba ya chuo, na katika safari yote hiyo hakuna kituo cha lazima ambapo mwalimu wa Manga au muuguzi wa Ogembo aliyetoa saa yake kujibu maswali hupokea hata ukurasa mmoja.

Sura ya mwisho ya tasnifu ndiyo inayoonyesha kasoro hii waziwazi kuliko nyingine zote. Kwa desturi sura hiyo hubeba mapendekezo, na mapendekezo hayo huelekezwa kwa Wizara ya Elimu, kwa serikali ya kaunti, kwa walimu wakuu, kwa wakulima na kwa viwanda, kila mmoja akielezwa anachopaswa kufanya, ingawa walengwa hao hawakushirikishwa katika kuchagua swali, hawapelekewi kitabu, na mara nyingi hawajui kwamba kitabu hicho kipo. Maneno hayo huandikwa kwa ajili ya watahini watatu au wanne, na yakisharidhisha jopo, kazi yake imekwisha. Mwanafunzi anayekuja mwaka unaofuata huchagua mada inayokaribiana na ile, katika kaunti ndogo ya jirani, akaanza upya kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Hivyo tasnifu nyingi zinaweza kuandikwa kuhusu matokeo ya mitihani ya kitaifa katika shule za Gusii bila kujengana, na bila shule hata moja kubadilisha ratiba yake kwa sababu ya mojawapo.

Nchi ya Gusii yenyewe iliwahi kuona namna nyingine ya kufanya kazi hii. Katika miaka ya 1970 chuo cha kilimo cha Wageningen nchini Uholanzi kiliendesha mjini Kisii mradi wa mafunzo ya sayansi ya udongo, ambapo wanafunzi wake walikuja kuishi na kufanya kazi hapa kama sehemu ya masomo yao. Mwanafunzi alipewa kipande cha nchi, akachimba mashimo ya kuchunguzia tabaka za udongo, akapima kina, rangi na asidi, akatazama mteremko, mwamba ulio chini na mazao yaliyokuwa yakilimwa juu, kisha kipande chake kikaunganishwa na vipande vya wenzake wa kabla na wa baada yake. Matokeo yake yalikuwa ramani na ripoti ya udongo wa eneo la Kisii, iliyochapishwa 1982 katika mfululizo wa ripoti za asasi ya serikali ya uchunguzi wa udongo wa Kenya.

Mambo mawili katika mradi huo yanastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni kwamba kazi za wanafunzi zilijilimbikiza: hakuna mmoja aliyeweza kuchora ramani nzima, lakini kila mmoja alijua nafasi ya kipande chake ndani ya ramani, na kosa lake lingegunduliwa na yule aliyepakana naye. La pili ni kwamba kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe aliyeisubiri, yaani idara ya serikali iliyoihitaji ramani kwa mipango ya kilimo. Mradi ulikuwa na upungufu wake pia, maana waliofaidika kwa elimu walikuwa zaidi vijana wa Ulaya, na lugha ya ripoti ilikuwa ya wataalamu. Wakati huo Kisii haikuwa na chuo kikuu, na kilicho chuo kikuu leo kilikuwa bado chuo cha walimu. Leo chuo kikuu kipo, wanafunzi wake wengi wamezaliwa kwenye miteremko hiyo hiyo na wanajua majina ya vijito, na kwa hiyo kile kilichowezekana kwa wageni hakipaswi kuwa kigumu zaidi kwa wenyeji.

Kuna upande mwingine wa historia ambao haupaswi kupitwa. Abagusii, wenyeji wa nchi hii, ni miongoni mwa jamii za Afrika Mashariki ambazo zimechunguzwa sana na wataalamu wa utamaduni wa binadamu. Philip Mayer aliandika kuhusu koo na ndoa zao katika enzi ya ukoloni. Robert na Barbara LeVine waliishi miongoni mwao katika miaka ya 1950 na kitabu chao juu ya kijiji walichokiita Nyansongo kikatoka 1966. Na utafiti wa baadaye wa akina LeVine kuhusu malezi ya watoto wa Gusii ulizaa kitabu kingine, 1994, ambacho bado husomeshwa katika vyuo vya Marekani. Yaani mwanafunzi wa saikolojia ng'ambo anaweza kufahamu jinsi mama wa Kigusii alivyombembeleza mtoto wake, ilhali mtoto huyo mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, hajawahi kukiona kitabu hicho. John Akama, aliyekuwa naibu chansela wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kisii, na mwanahistoria Robert Maxon, walipotoa 2006 kitabu chao kuhusu mila za Abagusii, walikuwa kwa kiasi fulani wakirudisha deni hilo nyumbani. Kwa jamii iliyokwisha kuhojiwa kwa vizazi vitatu, kurudishiwa matokeo ni haki, na chuo kilicho katikati yake kina wajibu wa kwanza.

Ugumu mmoja haukutengenezwa na vyuo. Katiba ya 2010 iligawa kazi za serikali baina ya ngazi ya taifa na kaunti, na mgawanyo huo ulipoanza kutekelezwa 2013, huduma za ugani, yaani kazi ya maofisa wanaowafikia wakulima mashambani na kuwapa ushauri, ziliwekwa mikononi mwa kaunti, pamoja na zahanati na hospitali nyingi. Utafiti na vyuo vikuu vilibaki taifa. Kwa maneno mengine, anayegundua mbegu analipwa na Nairobi, anayepaswa kuieleza mbegu hiyo kwa mkulima wa Ekerenyo analipwa na Nyamira, na mwanafunzi ambaye angeweza kuwaunganisha yuko chini ya seneti ya chuo, ambayo haiwajibiki kwa yeyote kati ya wawili hao. Kila mmoja anaweza kutimiza kazi yake kikamilifu na bado kitu kisimfikie mkulima.

Marekani, ambako jambo hili lilishughulikiwa mapema, ilichukua zaidi ya nusu karne kulitatua. Sheria ya 1862 iligawia majimbo ardhi ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Ikaonekana kwamba vyuo hivyo havikuwa na cha kufundisha kuhusu udongo na magonjwa ya kwao, ndipo sheria ya 1887 ikafadhili vituo vya majaribio ndani ya vyuo hivyo hivyo. Ikaonekana tena kwamba matokeo ya majaribio hayawafikii wakulima, ndipo sheria ya 1914 ikaweka huduma ya ugani chini ya vyuo hivyo, kwa gharama iliyogawanywa baina ya serikali kuu na majimbo. Kufundisha, kutafiti na kufikisha vikawa chini ya paa moja. Kenya haihitaji kunakili mpango huo, na Katiba haiuruhusu kwa urahisi, lakini mpangilio wa hatua hizo tatu unafundisha kwamba ugani hauji wenyewe kwa sababu tu chuo kipo karibu. Ulipangwa, ukalipiwa, ukapewa mwenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi na jiko la Gusii ni ule wa mboga za kienyeji. Chinsaga, ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani, pamoja na managu na mchicha, zilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa chakula cha wasio na uwezo, na vyuo vya kilimo vilifundisha kabichi na sukumawiki kana kwamba hizo nyingine ni magugu. Mary Abukutsa-Onyango, profesa wa kilimo cha bustani ambaye alifanya sehemu kubwa ya kazi yake ya awali katika Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, aliamua kuzifanya mboga hizi kuwa somo la maisha yake: akakusanya mbegu kwa wakulima, akachunguza lishe na uotaji wake, akawafunza wakulima kuzalisha mbegu bora, na kazi hiyo ikamletea tuzo ya Umoja wa Afrika yenye jina la Kwame Nkrumah mwaka 2010. Leo mboga hizo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, na sehemu kubwa ya chinsaga inayoliwa katika jiji hilo hutoka Kisii na Nyamira.

Kinachovutia katika kazi hiyo ni chanzo cha maswali yake. Mkulima wa kike wa Gusii alikuwa akijua tangu zamani kwamba mbegu mbichi ya chinsaga haioti vizuri na kwamba inataka kukaa kwanza. Alikuwa akijua kwamba maua yakikatwa mmea huendelea kutoa majani. Alikuwa akijua kwamba uchungu wa majani hupungua yakipikwa kwa maziwa na kulazwa. Maabara ilipopima jambo la mbegu ilikuta kweli ziko katika hali ya usingizi inayopungua zikihifadhiwa kwa miezi kadhaa. Hapo utafiti ulianza pale ujuzi wa mtendaji ulipoishia, na kwa sababu hiyo majibu yake yalipokelewa haraka, kwa kuwa yalikuwa majibu ya maswali ambayo watu walikuwa wameshajiuliza. Na maswali hayajaisha. Majani ya chinsaga hunyauka upesi, na mzigo uliovunwa jioni Nyaribari hufika sokoni Nairobi alfajiri ukiwa umepoteza sehemu ya thamani yake. Namna ya kuupoza kwa gharama ndogo, namna ya kuyakausha bila kupoteza rangi na virutubishi, na hesabu ya nani hasa anayebaki na faida kati ya mkulima, dalali na muuzaji, ni mada tatu za uzamili ambazo zingeweza kugawiwa wanafunzi watatu wa fani tofauti, wa uhandisi, wa lishe na wa uchumi, wakafanya kazi pamoja kwa misimu miwili. Ramani ya udongo ilichorwa kwa njia hiyo.

Chai inatoa fundisho lenye uchungu kidogo. Taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho, iliyoanzishwa wakati wa ukoloni na baadaye ikawekwa chini ya KALRO, imewapa wakulima wadogo miche bora kwa miongo mingi, na njia ya kuifikisha ipo, kwa kuwa viwanda vya wakulima wadogo kama vile Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi vina maofisa wanaowatembelea wakulima. Mwaka 2011 ilitolewa aina ya chai ya zambarau, yenye viambato vinavyosifiwa kwa faida zake za kiafya, na wakulima wakaitikia. Lakini chai hiyo inahitaji kusindikwa peke yake ili ithaminiwe kwa upekee wake, na viwanda vichache tu nchini vilikuwa na mtambo huo, kwa hiyo wengi walioipanda walijikuta wakiiuza pamoja na chai ya kawaida kwa bei ile ile. Utafiti ulifika shambani na ukakwama sokoni. Kuunganisha utafiti na utendaji, basi, kunadai zaidi ya kumpelekea mkulima habari. Kunadai kwamba swali la soko na la kiwanda liulizwe mapema, wakati mche ungali kwenye kitalu cha majaribio, na hilo ni swali la kitivo cha biashara kama lilivyo la kitivo cha kilimo.

Upande wa afya muungano umekwenda mbali zaidi, na sababu yake ni ya kimuundo. Huwezi kumfunza daktari bila wodi, kwa hiyo shule ya afya ya Chuo Kikuu cha Kisii hulazimika kufanya kazi na hospitali ya rufaa, ambayo ni ya serikali ya kaunti, na mhadhiri anayefundisha ndiye pia anayemtibu mgonjwa. Gusii ina historia ya utafiti wa tiba uliobadilisha utendaji. Malaria katika nyanda hizi, ambazo mji wake mkuu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huja kwa milipuko ambayo huwakuta watu wakiwa na kinga ndogo, na baada ya milipuko mikali ya mwishoni mwa miaka ya 1990 nyumba katika sehemu za Gucha zilipuliziwa dawa ya kuua mbu, kisha watafiti wakalinganisha unyunyizaji huo na vyandarua vilivyotiwa dawa, wakiangalia kinga na gharama. Hilo lilikuwa swali la ofisa wa afya wa wilaya mwenye bajeti ndogo, likajibiwa kwa vipimo vya kisayansi. Chuo Kikuu cha Moi nacho, tangu shule yake ya udaktari ilipoanza Eldoret, kilifanya mafunzo ndani ya jamii kuwa sehemu ya lazima ya masomo, mwanafunzi akipelekwa kwenye vituo vya afya vya mashambani na kutakiwa kuchunguza tatizo la hapo. Hakuna sababu ya msingi kwa nini mwanafunzi wa elimu, wa uhasibu au wa sayansi ya mazingira asiwe na kitu kinacholingana na wodi.

Juhudi za serikali za kuboresha shahada za juu zimelenga zaidi idadi na viwango vya nje. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa na sheria ya 2012, ilitoa kanuni 2014 zilizotaka wahadhiri wawe na uzamivu, zikaweka kikomo cha idadi ya wanafunzi anaowasimamia mhadhiri mmoja, na zikataka mwanafunzi wa uzamili awe amechapisha makala moja na wa uzamivu makala mbili katika majarida ya kitaalamu, yaani majarida ambayo makala yake hukaguliwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Mwanzoni mwa 2016 Tume iliagiza Chuo Kikuu cha Kisii kifunge kampasi zake kumi kati ya zile kilichokuwa kimezifungua sehemu mbalimbali za nchi wakati vyuo vilipokuwa vikitegemea karo za wanafunzi wa kujilipia. Na Juni 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilipowatunuku uzamivu watu 118 katika mahafali moja, Tume ilichunguza namna walivyosimamiwa.

Hatua hizo zilikuwa za lazima, kwa maana shahada isiyosimamiwa ni hasara kwa aliyeilipia na kwa jamii itakayomwamini. Lakini zimeacha swali la msingi bila kuguswa, na katika jambo moja zimelizidisha. Mwanafunzi anayelazimika kuchapisha ili ahitimu, na mhadhiri anayelazimika kuchapisha ili apande cheo, wote wawili husukumwa kuelekea jarida lolote litakalopokea makala yao upesi, na yapo majarida mengi ya mtandaoni ambayo hupokea kila kitu mradi ada imelipwa. Mhadhiri aliyekaa misimu mitatu na kikundi cha wakulima wa ndizi Kitutu akawasaidia kupata miche isiyo na magonjwa hupata pointi chache kuliko mwenzake aliyechapisha makala tatu ambazo hazitasomwa na mtu. Huu ndio msumari ulioshikilia ukuta wote, na usipong'olewa, hotuba kuhusu utafiti wenye manufaa zitaendelea kutolewa kwenye mahafali na kusahauliwa jioni yake.

Eneo la Tabaka, katika Mugirango Kusini, linaonyesha ukubwa wa fursa inayopotea. Huko huchimbwa lile jiwe laini linalojulikana duniani kwa jina la Kisii. Wanaume huchimba kwa sururu na kuchonga, wanawake husugua kwa msasa na maji, na vinyago, sahani na visanduku husafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Wachongaji hufanya kazi katika vumbi, kingo za machimbo huporomoka wakati wa mvua, na sehemu kubwa ya bei hubaki kwa wafanyabiashara wa kati. Hapa pana kazi ya daktari wa mapafu, ya mwanajiolojia, ya mhandisi wa mashine ndogo, ya mwanasheria wa haki za ubunifu na ya mwalimu wa sanaa. Chuo cha ufundi kina karakana ambapo chombo cha kufyonza vumbi kinaweza kubuniwa, na chuo kikuu kina watu wa kupima kama kinasaidia, lakini mfumo wa elimu wa Kenya umeviweka vyuo hivyo viwili chini ya sheria, mamlaka na vyeti tofauti, kiasi kwamba mwanafunzi wa uzamili na fundi wa stashahada hawana njia rasmi ya kufanya mradi mmoja na wote wawili kupata alama kwa kazi hiyo.

Mageuzi yanayohitajika yanaweza kuelezwa kwa kufuata safari ya tasnifu. Mwanzoni, idara za kaunti, hospitali, vyama vya ushirika, viwanda vya chai na KALRO wangetakiwa kuweka wazi maswali yanayowasumbua, na mwanafunzi akachagua kutoka humo au akaeleza kwa nini anachagua lingine. Katikati, mmoja wa wasimamizi angekuwa mtendaji mwenye ujuzi, kama vile ofisa wa ugani mwenye uzoefu mrefu, hata kama hana uzamivu, ilimradi msimamizi mkuu wa kitaaluma yupo kulinda mbinu za utafiti. Mwishoni, pamoja na tasnifu ya Kiingereza, mwanafunzi angewasilisha muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili au Ekegusii, lugha ya Abagusii, na kuusoma mbele ya watu aliowahoji, au kuueleza katika redio za Ekegusii, ambazo husikilizwa jikoni na shambani. Kutetea tasnifu mbele ya wanawake wanaolima chinsaga si jaribio jepesi kuliko kuitetea mbele ya maprofesa. Chuo Kikuu cha Gulu, kaskazini mwa Uganda, kilichoanza 2002 katika nchi iliyokuwa bado vitani, kimefanya jambo la aina hii kwa kuwaunganisha wanafunzi wake wa kilimo na familia za wakulima, na RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao yake Kampala tangu 2004, umekuwa ukitoa ruzuku za utafiti zinazomtaka mwanafunzi wa uzamili afanye kazi na wakulima tangu mwanzo.

Zipo pingamizi za haki. Utafiti wa kinadharia usio na faida ya leo ndio huzaa faida ya kesho, na chuo kinachotumikia tu maswali ya kaunti kinaweza kugeuka ofisi ya ushauri ya gavana, kikaogopa kuchunguza, kwa mfano, kwa nini mikaratusi imeendelea kupandwa kandokando ya mito ya Gusii licha ya malalamiko, au fedha za barabara zimeishia wapi. Hatari hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu orodha ya maswali haipaswi kufungwa wala kutungwa na kaunti peke yake. Pingamizi la pili ni fedha. Sheria ya 2013 ilitaka Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, kiwango ambacho serikali haijawahi kukikaribia, na vyuo vyenyewe vina madeni. Lakini mwanafunzi wa uzamili tayari analipa karo, tayari anasafiri vijijini, tayari anachapisha hojaji. Gharama kubwa ya utafiti wa Gusii imekwisha kulipwa na familia za Gusii, na kinachosalia ni kuamua inunue nini.

Sehemu kubwa ya mabadiliko haya haihitaji Bunge. Seneti ya chuo kikuu ndiyo inayoidhinisha muundo wa tasnifu, ndiyo inayoteua wasimamizi na watahini, na baraza la chuo ndilo linalopitisha vigezo vya kupandisha vyeo, ndani ya mipaka ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Makubaliano kati ya chuo, kaunti mbili na KALRO yanaweza kuanza na zao moja na kaunti ndogo moja, kwa mfano ndizi katika Kitutu Masaba, yakiwa na wanafunzi sita wa fani mbalimbali na ofisa mmoja wa ugani aliyeandikwa rasmi kama msimamizi mwenza, na maswali yao yakiwa yamebandikwa kabla ya usajili wa Septemba.